Ustadi wa Kusikilizana: Wapigaji Watatu wa Jazi katika New York, 1961

Kila apigaye muziki pamoja na wenziwe hutakiwa kuwa na ustadi wa namna mbili. Wa kwanza ni ustadi wa kutoa sauti. Wa pili ni ustadi wa kusikia. Ule wa kwanza twausifu sana, maana huonekana upesi: mtu mwenye koo zuri, au mwenye vidole vyepesi juu ya kinanda, hujulikana siku ile ile. Huu wa pili hausifiwi, maana haujionyeshi. Walakini kwaya ikiharibika, mara nyingi sababu si ubaya wa sauti za watu. Sababu ni kwamba kila mmoja anasikiliza sauti yake mwenyewe tu. Nataka kueleza habari za muziki mmoja uliopigwa mbele ya watu, ambao kwa maoni yangu waonyesha ustadi huu wa pili kuliko mwingine niujuao. Tena nataka kuupima, nikisema lililo jema ndani yake na lililo pungufu, kama ipasavyo mtu apimaye kazi ya fundi.

Muziki wenyewe ni wa jazi. Ulipigwa siku ya Jumapili, tarehe 25 Juni 1961, katika mji wa New York, nchi ya Marekani. Mahali penyewe ni klabu iitwayo Village Vanguard, iliyo katika njia ya Seventh Avenue South tangu mwaka 1935. Ni chumba kilicho chini ya ardhi, na mtu hukishukia kwa ngazi. Si chumba kikubwa, na umbo lake ni kama kabari, upande mmoja mpana na upande wa pili mwembamba. Wapigaji walikuwa watatu: Bill Evans wa piano, mwenye umri wa miaka 31, Scott LaFaro wa besi, mwenye miaka 25, na Paul Motian wa ngoma, mwenye miaka 30. Siku ile walipiga mara tano, mara mbili alasiri na mara tatu usiku, na watu wa kampuni ya Riverside walikuwapo na mashine yao ya kunasa sauti. Ndiyo maana sisi tusiokuwapo twaweza kuusikia muziki ule hata leo.

Yafaa nieleze vyombo hivi, kwa kuwa si wote waliopata kuviona. Piano ni kinanda kikubwa. Lakini hakitumii pumzi ya mivuo kama kinanda cha kanisani, bali nyundo ndogo zilizo ndani hupiga nyuzi za chuma. Kwa hiyo sauti yake hutoka mara moja kisha hufifia, wala mpigaji hawezi kuishikilia kama mwimbaji ashikiliavyo pumzi. Besi ni chombo cha mti chenye nyuzi nne nene, kirefu kupita mtu, nacho husimamishwa. Katika jazi mpigaji huzikwanyua nyuzi kwa vidole. Ngoma za jazi ni kadha wa kadha mbele ya mtu mmoja, pamoja na matoazi yaliyotundikwa juu ya vyuma. Mpigaji wake hutumia fimbo, au brashi za nyuzi nyembamba za chuma akitaka sauti laini.

Na jazi ni nini? Asili yake ni kwa Wamarekani weusi, hasa wa mji wa New Orleans, katika miaka ya mwanzo wa karne ya 20. Evans mwenyewe alikuwa Mzungu, naye alijifunza piano kwa njia ya Kizungu tangu utotoni. Lakini mwaka 1958 aliingia katika kundi la Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu katika Wamarekani weusi, na mwaka 1959 alipiga naye katika santuri iitwayo "Kind of Blue". Desturi kubwa ya jazi ni kutunga papo kwa papo. Wapigaji huchukua wimbo unaojulikana na kuupiga mara moja jinsi ulivyo. Kisha huiacha tuni yake na kutunga tuni mpya, huku wakishika urefu wa wimbo ule na mfuatano wa sauti zinazouchukua. Ajuaye mashairi atafahamu upesi. Malenga wawili wanapojibizana mbele ya watu, kila mmoja hutunga maneno mapya pale pale, lakini mizani na vina havimponyoki. Basi mizani na vina vya mpigaji wa jazi ni wimbo ule alioanza nao.

Sasa tutazame kazi ya watu watatu. Zamani, wapigaji wa piano, besi na ngoma walipokaa pamoja, cheo cha kila mmoja kilijulikana. Mwenye piano ndiye msemaji. Mwenye besi alipiga sauti nne katika kila fungu, moja kwa kila pigo, mfano wa mtu atembeaye kwa mwendo ulio sawa. Mwenye ngoma alilinda mapigo yasikimbie wala yasichelewe. Ulikuwa utaratibu mwema, na muziki mzuri mwingi ulipigwa kwa njia hiyo. Tena si haki kusema kwamba hakuna aliyeupanua kabla ya Evans. Ahmad Jamal, mpiga piano mwingine wa Marekani, alinaswa mbele ya watu katika mji wa Chicago mwezi wa Januari 1958, na pale wamsikia akinyamaza makusudi ili besi ya Israel Crosby isikike, na ngoma za Vernel Fournier zijaze nafasi. Nyumba haikuanza kujengwa siku ile ya 1961; wengine walikwisha kuchimba msingi.

Lakini Evans alitaka zaidi. Alipowakusanya LaFaro na Motian mwaka 1959, nia yake ilikuwa watunge wote watatu kwa wakati mmoja, si mmoja atunge na wengine wamshikie taa, kisha wapokezane zamu. Jambo hili ni rahisi kulisema na gumu kulitenda. Watu watatu wakisema pamoja katika baraza, kwa kawaida hapatoki maneno, hutoka kelele. Njia ya pekee ya kuzuia kelele ni kwamba kila mmoja, hata wakati asemapo, awe anasikia yasemwayo na wawili wengine, naye awe tayari kubadili neno lake kabla hajalimaliza.

Na tuangalie wimbo uitwao "Waltz for Debby", ambao Evans aliutunga kwa ajili ya binti ya kaka yake. Mwanzoni wasikia piano na besi tu, kwa mapigo matatu matatu, mwendo wa kubembea. Piano yachukua tuni, nayo ni tuni ya kitoto, nyepesi, isiyo na madaha. Besi haisimami chini yake kama nguzo chini ya dari. Yapanda, yakutana nayo, yaijibu, kisha yashuka tena. Ndipo ngoma zaingia, mapigo yageuka kuwa manne manne, na wote watatu waanza kwenda. Geuko hili lingeweza kuwa kama gari lipitalo juu ya jiwe. Lakini hakuna anayeshtuka, maana kila mmoja amekwisha kusikia nia ya mwenzake. Evans anapotunga, LaFaro hamhesabii tu mapigo. Humwachia neno, kisha hutia lake katika pengo. Msikilizaji asikilizaye kwa mara ya kwanza atamfuata Evans. Na arudie, amfuate LaFaro peke yake tangu mwanzo hata mwisho. Ataona kwamba kulikuwa na wimbo wa pili ndani ya wimbo ule, wenye akili yake, usioupinga wa kwanza.

Wako watu waliolaumu jambo hili, na lawama yao yastahili jibu. Wasema: Besi ikiacha kutembea, nani alindaye mwendo? Jazi ilikuwa muziki wa kuchezea, na muziki usiomwonyesha mtu mahali pa kuweka mguu umepoteza mali ya baba zake. Mimi nakiri kwamba kuna kitu kilichopotea. Mtu atakaye kucheza hatafurahiwa sana na santuri hizi. Lakini kusema kwamba mwendo haupo, hapana. Mwendo upo, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuutangaza. Wote watatu wanauchukua moyoni, nao hufika pamoja mahali pa kufika, hata kama njiani kila mmoja alipita kichochoro chake. Angalia "My Romance": piano yaanza peke yake, pole pole, bila mapigo ya kuhesabika; kisha ngoma zaita, na mara wote wako katika mwendo mmoja. Wasiolinda mwendo hawawezi kufanya hivyo.

Hata hivyo, jambo la kuwapa sifa yao kuu, kwa maoni yangu, si wingi wa maneno ya besi. Wengi wameandika kwamba LaFaro aliifungua besi kutoka kifungo chake, nao hutaja wepesi wa vidole vyake na jinsi alivyopanda juu katika sauti zilizodhaniwa si za besi. Ni kweli. Lakini mtu aliyefunguliwa kifungo hapimwi kwa jinsi anavyokimbia siku ya kwanza. Hupimwa kwa jinsi anavyokaa nyumbani bila kulazimishwa. Ushahidi wa jambo hili ni wimbo uitwao "My Foolish Heart", maana yake, moyo wangu mpumbavu.

Ni wimbo wa sinema ya mwaka 1949. Wapigaji wengine wangeuchukua, wakaupamba, wakautungia tuni mpya. Hawa watatu hawakufanya hivyo. Waliupiga pole pole mno, hata msikilizaji huogopa kwamba utasimama, na Evans hakuiacha tuni yake ila kidogo sana. LaFaro, kijana yule mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alipiga sauti chache, za chini, moja moja, akaziacha zife zenyewe. Motian hakupiga mapigo ambayo mtu angeweza kuyahesabu. Alisugua ngoma kwa brashi, akagusa matoazi, na sauti ya matoazi ikaenea kama umande. Hakuna aliyeonyesha aliyonayo. Lakini sikiliza: kila sauti ya besi yaingia mahali ambapo sauti ya piano yaanza kufifia. Nilisema kwamba piano haiwezi kushikilia sauti. Basi hapa wawili wale wanaishikilia kwa ajili yake. Huo ndio ustadi wa kusikia. LaFaro alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, naye alichagua kunyamaza karibu kabisa, kwa kuwa wimbo haukumhitaji aseme. Mpigaji wa namna ya zamani angeweza kupiga sauti chache vile vile, lakini angezipiga kwa sababu ndiyo kazi yake. Huyu alizipiga kwa hiari, na tofauti yasikika.

Na Motian asisahauliwe, kama alivyosahauliwa na wengi. Katika watatu hawa yeye ndiye aliyekuwa na kazi ngumu, kwa maana ngoma ndicho chombo kiwezacho kuwameza wenzake bila kusudi. Yeye aliyaacha mapigo mengi bila kuyapiga, akatia pigo moja mahali ambapo lingewafaa wawili wale. Mtu asiyefahamu aweza kudhani kwamba anafanya kazi kidogo. Na aondolewe, aone jinsi muziki ule utakavyobaki kama jahazi bila nanga.

Nimeahidi kusema pia lililo pungufu. Zipo nafasi, si nyingi, ambapo LaFaro asema mno. Katika nyimbo za mwendo wa haraka, Evans anapotunga neno refu, besi yaja juu mpaka karibu na mahali pa piano, na maneno mawili yagongana. Hapo sikio halijui limfuate nani, wala si kwa sababu ya utajiri, ila kwa sababu ya msongamano. Kijana wa miaka 25 aliyegundua nguvu mpya si ajabu kuitumia kupita kiasi. Na Evans, ambaye tabia yake katika piano ni ya upole, mara nyingine humpisha kuliko ilivyofaa. Kupishana ni adabu, lakini mwenye nyumba akizidi kumpisha mgeni, mwishowe mgeni hukaa peke yake.

Upungufu huu unaonekana zaidi katika santuri ya kwanza kuliko siku yenyewe ilivyokuwa, na sababu yake ni ya huzuni. Tarehe 6 Julai 1961, siku kumi na moja baada ya Jumapili ile, Scott LaFaro alikufa katika ajali ya motokaa katika jimbo la New York. Evans alishikwa na majonzi hata akakaa miezi mingi bila kupiga mbele ya watu. Basi yeye na Orrin Keepnews, msimamizi wa kunasa muziki ule, walipochagua nyimbo za kuchapwa kwanza, walichagua zile ambazo LaFaro alisikika zaidi. Santuri ile, "Sunday at the Village Vanguard", ya mwaka 1961, yaanza na wimbo wa LaFaro mwenyewe, "Gloria's Step", na yamalizika na mwingine wa kwake, "Jade Visions". Ni ukumbusho wa marehemu, na ni haki ya marafiki kumfanyia. Lakini msikilizaji ajue kwamba ukumbusho si kipimo. Santuri ile yamwonyesha mtu mmoja kati ya watatu, nayo imewafanya wengi waamini kwamba utukufu wa siku ile ulikuwa ni besi kusema sana. Santuri ya pili, iitwayo "Waltz for Debby", ya mwaka 1962, ndiyo yenye "My Foolish Heart" mwanzoni mwake, na kwangu mimi ndiyo yenye mizani ya kweli. Mwaka 2005 muziki wote ulionaswa siku ile ulitolewa pamoja, kwa utaratibu ulivyopigwa, hata wimbo wa kwanza ambao kunaswa kwake kulikatika kidogo kwa sababu umeme ulikatika. Atakaye kuhukumu kwa haki na asikilize huo, maana humo hakuna aliyechagua kwa machozi.

Neno moja limebaki, nalo lahusu wasikilizaji wa siku ile. Katika santuri hizi wasikia bilauri zikigongana, watu wakizungumza, na mmoja akicheka wakati wa wimbo wa upole kabisa. Walikuja kunywa na kuongea, na karibu yao muziki huu ulikuwa ukipita. Wengine hukasirika wasikiapo kelele hizo. Mimi sikasiriki, ila nashangazwa na wapigaji. Kila mwalimu ajua kwamba darasa likifanya kelele, mwalimu apayukaye huzidisha kelele, na mwalimu ashushaye sauti, mara nyingine, huwapata watoto. Watatu wale hawakupayuka. Hawakupiga kwa nguvu zaidi ili kuwashinda wenye bilauri. Walisikilizana wao kwa wao kana kwamba hapana mwingine chumbani, na makofi yalipokuja, mara nyingi machache, waliendelea na wimbo uliofuata.

Wapigaji wale wote wamekwisha kufa. Evans alifuata mwaka 1980, na Motian mwaka 2011. Lakini jioni yao moja yaweza bado kufunza, na hasa yaweza kutufunza sisi tusimamiao kwaya. Tumezoea kuwaambia waimbaji wa besi wakae chini, washike pigo, wasijaribu mengi. Na twadhani kwamba huo ndio utaratibu. Huenda ni utaratibu. Lakini nani kati yetu aliyemwambia mwimbaji wa besi asikilize tuni ya juu kwa bidii ile ile aliyoipa sauti yake? Tukifanya hivyo, yumkini ataimba yale yale aliyoandikiwa, bila kuongeza hata sauti moja, na wimbo utakuwa mwingine. Hili ndilo nililolisikia katika "My Foolish Heart". Atakayepata santuri ile na aanze na wimbo huo. Ausikilize mara tatu, kila mara akimfuata mtu mmoja, na mara ya nne awasikilize wote pamoja.